Kwa Nini Walimfuata Mwajuma

Kazi ya kujitolea haina barua ya kustaafu. Siku ukichoka unarudisha ufunguo, unamwonyesha anayebaki kabati lipi linakwama, unaaga. Mimi nimerudisha ufunguo wangu juzijuzi, baada ya magoti kuzikataa ngazi za kituo chetu, nanyi vijana mlionipokea mkaniomba niandike niliyojifunza katika miaka ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa na waume zao hapa Morogoro. Nitaandika kwa mpangilio, kwa sababu sijui kufanya jambo bila mpangilio. Vyeo havikuwepo na mshahara haukuwepo, kwa hiyo hapo tumeokoa karatasi. Ila nawaonya mapema kwamba habari hizi haziandikiki bila Mwajuma, na Mwajuma namwonea wivu mpaka leo.

Nilianza kabla yake. Hilo nataka likae kwenye maandishi.

Mimi ni fundi cherehani, Mwembesongo. Shule niliishia darasa la saba huko Turiani, ambako baba yangu alifika kutoka Iringa kukata miwa. Yaliyobaki nilijisomea. Sheria ya Ndoa niliisoma kibarazani, kati ya mteja na mteja, na kila neno gumu nililiandika juu ya meza ya kukatia kwa ile chaki ya kuchorea vitambaa. Nikishalielewa, nalifuta. Yapo maneno yaliyokaa mezani wiki nzima na wateja wakadhani ni majina ya mitindo.

Kilichonipeleka kituoni ni futi ya kupimia. Mteja wangu mmoja alikuja kushona gauni, nikamwambia anyanyue mkono nimpime kifua, akavuta pumzi kama aliyechomwa. "Nimeanguka bafuni," akasema, na mimi sikuwa nimemuuliza. Safari ya pili alikuwa ameanguka tena. Nilipima watu miaka mingi, na nawahakikishia kuwa mwili wa mtu aliyeanguka na mwili wa mtu aliyepigwa haiumii mahali pamoja. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa Mama Kibwana, muuguzi mstaafu aliyekuwa akiwapokea wanawake wa namna hiyo kwenye vyumba viwili vya kuazima.

"Unajua kunyamaza?" aliniuliza.

"Najua."

"Basi kaa hapo."

Siku ya kwanza nilikaa. Aliingia mwanamke akaanza kulia kabla hajasema jina lake, nami nikakimbia kumletea maji. Alipoondoka, Mama Kibwana alifunga mlango. "Mwanangu, ukimpa mtu maji katikati ya kilio, umemwambia anyamaze. Mwache alie. Maji mpe akimaliza." Hilo ndilo somo langu la kwanza, na kila mwaka nimeona mtu mpya akikimbilia jagi.

Mengine aliyonifundisha nayaweka hapa yakiwa mafupi. Mgeni wetu apewe kiti kilicho karibu na mlango, wewe usikae kati yake na mlango. Usimuulize kwa nini hakuondoka, ameshajiuliza. Damu ikiwa inatoka, hospitali kwanza, fomu ya polisi itafuata. Nguo alizovaa wakati anapigwa zisifuliwe. Na maneno yake yaandike kama anavyoyasema. Akisema "alinitia adabu", andika hivyohivyo, usimgeuzie kuwa "alinishambulia". Polisi na hakimu watayapa jina. Kazi yako ni kuyafikisha mazima.

La simu nililigundua mwenyewe. Wanawake waliogopa kuhifadhi namba ya kituo, kwa hiyo niliwaambia wahifadhi yangu kwa jina la Fundi Cherehani, jambo ambalo ni kweli tupu. Mume akipokea simu, namwambia gauni la mkewe limebaki mikono tu, aje kujaribu. Mume mmoja alikuja kulichukua mwenyewe. Ilibidi nilishone, yeye kakaa kibarazani ananisubiri, na nakiri lilitoka vizuri. Tangu hapo sikukosa kibarazani gauni la kila ukubwa lililoshonwa nusu. Nanyi mtafute kisingizio ambacho kinaweza kushikwa mkononi.

Kwa hiyo nilikuwa na chumba, kabati, utaratibu, na viti viwili nilivyovivisha vitambaa kwa mkono wangu. Ndipo Mama Kibwana akamleta Mwajuma.

Mwajuma alikuwa anauza vitumbua mtaa wa pili. Ni mwenyeji, Mluguru wa hapahapa mjini, na anacheka kwa sauti ya mtu anayeita bodaboda. Hakujua fomu ya polisi inaanzia wapi. Alikuja asubuhi baada ya kuuza, akaketi nje kwenye benchi, chini ya bati la kibaraza, akatoa ungo akaanza kuchambua mchele wa kesho. Wanawake waliokuwa wanasubiri zamu yao kwangu wakasogea. Mmoja akatia mkono kwenye ungo kumsaidia kutoa mawe. Nilipofungua mlango na kusema, "Anayefuata," wakatazamana.

"Mimi namsubiri huyu mama," alisema wa kwanza.

"Huyu mama hana chumba," nikamwambia.

"Si kitu. Tunaongea hapahapa."

Ikawa hivyo kila siku. Mimi nikiuliza jina, umri na kata, Mwajuma alikuwa anauliza, "Wewe wa kwa nani? Mama yako ukoo gani?" Baada ya hapo watu walimsimulia mambo ambayo mimi niliyapata kikao cha tatu. Nilidhani ni umbea. Siku moja alikwenda msibani, nami nikaona nijaribu. Nilitoka na ungo, na mchele wangu mwenyewe kutoka nyumbani, nikakaa kwenye benchi lile, upande uleule. Hakuna aliyesogea. Baada ya muda mrefu msichana mmoja akaja taratibu.

"Shikamoo mama. Huo mchele mnauza?"

Nilimuuliza Mama Kibwana waziwazi, kwa kuwa sipendi kubaki na swali. "Yeye ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana muda."

"Mimi nafika kabla yake na naondoka baada yake."

"Wewe una ratiba," akasema, akaendelea kukunja mashuka.

Sasa niwaeleze habari ya Perpetua, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna kituo kinavyofanya kazi, na kwa sababu mmeisikia ikisimuliwa vibaya.

Perpetua alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, kijijini huko juu upande wa Mgeta. Wanawake wenzake wa sokoni walimwona taya limevimba, wakamwelekeza kwa "yule fundi". Aliingia getini, akapita benchi, akaja mlangoni kwangu. Naomba mlielewe jambo hilo: alipita benchi. Mwajuma alikuwepo, ungo mapajani, naye akampita.

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akalia, nikasubiri, akanywa maji. Mumewe aliitwa Kostantini. Kila Perpetua aliporudi kutoka sokoni, Kostantini alitaka kujua amecheka na mnunuzi gani, na kwa nini na huyo. Alikuwa akimfuata kwa siri, akijificha nyuma ya malori ya mboga kumtazama akihudumia watu. Kanga iliyosifiwa na mteja aliichoma moto jikoni. "Anasema nyumbani siongei," Perpetua akaniambia, "sokoni naongea. Anasema kicheko changu nakipeleka kwa watu."

Wakati naandika hayo, nje benchi zima liliangua kicheko kwa jambo alilolisema Mwajuma. Kalamu yangu ikasimama. Mimi pia nilikuwa nimetega sikio kujua nani anacheka naye, na kwa nini na huyo. Nilimwelewa Kostantini zaidi ya nilivyotaka. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliendelea kuandika, na tofauti hiyo ni kubwa, wala msimruhusu mwanamume yeyote awaambie kwamba wivu ndio ulionyanyua mkono. Mkono ni wake.

Nilifuata utaratibu, na utaratibu ulikwenda vizuri. Hospitali, dawati la jinsia la polisi, maelezo. Kostantini alikamatwa, akafikishwa mahakamani, akapewa dhamana kwa sharti la kutomkaribia mkewe. Perpetua tukampeleka nyumba salama hapa mjini. Siku chache baadaye akarudi mlimani bila kuaga. Akaletwa tena, safari hii mkono umevunjika. Plasta ilikuwa haijakauka sawasawa, naye ameanza kuulizia gari la Mgeta.

Nilimweleza hatari moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, bila kumgombeza. Alisikiliza zote.

"Fundi, nakuelewa. Lakini siwezi kuliacha shamba."

"Kabichi zitaota tena, mwanangu. Wewe hutaota."

"Siyo kabichi," akasema, akainamisha kichwa. Niliona wazi kwamba akipanda gari lile, tutakayempokea safari ya tatu hatakuwa na uwezo wa kusema.

Mwajuma alikuwa anapita na beseni la vyombo. Alisimama mlangoni, jambo nililomkataza.

"Mwenzangu, samahani. Hiyo nyumba unayoitaka imejengwa kwenye shamba la nani?"

"La mama yangu."

"Na mama alipewa na nani?"

"Na mama yake. Wamezikwa palepale wote wawili."

"Na mume?"

"Alikuja."

Mwajuma akaweka beseni chini. "Sasa Fundi, mbona unamhamisha mwenye nyumba?"

Nilikuwa nimeisoma sheria mwanzo hadi mwisho, lakini kichwa changu kilikuwa cha kwetu Iringa, ambako mke huenda kwa mume, na akipigwa, anayeondoka ni yeye kwa kuwa nyumba ni ya mume. Kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Mwanamume aliyekwenda kuishi kwenye shamba la ukoo wa mkewe ni mgeni pale, hata akae miaka mingi. Lakini mke akiondoka na mgeni akabaki, analima, anavuna, anapanda miti, na baada ya muda ukoo utasema binti yao alilitupa shamba. Perpetua hakuwa anamrudia Kostantini. Alikuwa analinda makaburi ya mama zake na shamba la ukoo, na sisi kila tulipomwokoa tulimnyang'anya kitu hicho. Tulimtaka achague shamba au uhai, naye alikuwa ameshachagua shamba.

"Mjomba wako anajua?" Mwajuma akauliza.

"Nilimwonea aibu."

"Ataitwa. Na huyo mumeo, mama yake ukoo gani?"

Perpetua akautaja. Mwajuma akapiga makofi mapajani. "Ala! Mtani wangu huyo! Kumbe mtani wangu ndiye anayevunja watu mikono?"

Kwa wale mliotoka mbali: hapa koo na koo zina utani wao wa tangu zamani, na ukoo hauangalii huyu Mwislamu na yule Mkatoliki. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, kula chakula chako, kubeba kitu chako, na ukifa ndiye anayekuja kushughulika na maziko yako huku anakucheka. Huruhusiwi kukasirika. Anayemkasirikia mtani hugeuka kichekesho cha kijiji kizima.

Mwajuma alitaka kwenda kesho yake, peke yake, na kikapu cha vitumbua. Nilikataa. Nilisema hatutoki mpaka tuwe na askari wawili wa dawati waliovaa nguo za kiraia, mwenyekiti wa kijiji, na mjomba, na hati ya masharti ya dhamana iwe mkononi. Nilizunguka kuwapata wote. Kazi hiyo niliifanya mimi, na hilo nalo likae kwenye maandishi, kwa sababu kila anayeisimulia safari ile huanzia mlangoni kwa Kostantini.

Tulipanda asubuhi, ukungu ukiwa bado mashambani. Perpetua alibaki nyumbani kwa mjomba wake, chini kidogo. Askari walitangulia wakazunguka nyuma ya nyumba, wengine tukapita njia ya mbele. Kostantini alikuwa uani anapasua kuni. Alipotuona aliacha kupasua, lakini shoka hakuliweka chini.

"Hodi wenye nyumba!" Mwajuma akapaza sauti. "Siyo wewe. Wewe mgeni kama mimi."

"Wewe mama nani? Nani kakuita hapa?"

Mwajuma akataja ukoo wake. Nilimwona yule mwanamume akibadilika uso, mabega yakashuka.

"Mtani," akasema, "leo sina utani."

"Mimi ninao wa watu wawili, nitakuazima." Alikuwa anaendelea kutembea. "Lete hilo shoka. Ndilo nitakalokukatia ubao wa jeneza, si unajua sisi ndio wazishi wako? Lete. Nikupime na urefu kabisa, Fundi yule pale ana futi."

Mwajuma alilishika shoka akalichukua, akaliweka chini, akalikalia. Majirani walikuwa wamesogea, wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawatazama askari, waliokwisha kuwa hatua chache tu nyuma ya Kostantini.

"Mtani, unanidhalilisha," Kostantini akasema.

"Bado. Ngoja." Akanyanyuka akampa mwenyekiti shoka, akaingia ndani, akatoka analiburuta godoro, akalitupa njiani. Kisha redio. Kisha mabuti. "Jamani tazameni! Mwanamume alikuja na mabuti, anaondoka na mabuti! Mkono wa mtoto wa watu ulikuja nao? Ulikuja nao, wewe? Mbona umeuvunja kama wa kwako?"

Hapo kicheko cha majirani kilikatika. Kostantini alikaa kwenye kigogo cha kuni akashika kichwa. Mjomba, mzee mwembamba aliyekuwa nyuma yetu, akamkaribia.

"Kostantini, tulikupokea. Leo tunakusindikiza."

Askari wakamweleza kwamba amevunja masharti ya dhamana, wakamchukua. Nilikuwa nimejiandaa kuyasoma masharti hayo, nikayasoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Yalisikilizwa na mwenyekiti na kuku.

Perpetua alipoitwa, alizunguka nyumba yake yote kwa nje kwanza, akigusa ukuta. Akaingia, akafungua dirisha. Akatoka akamkumbatia Mwajuma kwa mkono mmoja uliokuwa mzima, akalia begani kwake, "Dada yangu, dada yangu." Halafu akaja kwangu, akanipa mkono kwa heshima. "Asante sana, mama." Mwajuma ni mkubwa kwangu kwa umri.

Yanayotokana na siku ile kwa kazi yenu ni haya. Msimwige Mwajuma kama hamna utani na mtu, na hata mkiwa nao, msiende bila askari. Shoka halijui ukoo. Utani ulimtoa Kostantini uani, lakini hakuna aliyesema umemlipia mkono uliovunjika. Kwa hilo kulikuwa na kesi, nayo ilikwenda polepole, na kila ilipotajwa nilikaa nyuma ya Perpetua mpaka hukumu ilipotoka na Kostantini akafungwa. Mwajuma siku hizo alikuwa na vitumbua. Kostantini alipomaliza kifungo alikwenda Dakawa, wanasema analima mpunga wa watu. Mlimani hajarudi. Na lile swali lililo la pili kwenye fomu yetu, "Nyumba iko kwenye ardhi ya nani?", nililiandika mimi. Kwenye mafunzo wote husema ni swali la Mwajuma. Sijawahi kuwasahihisha, kwa kuwa sina hakika nitawasahihisha vipi.

Siku yangu ya mwisho kituoni nilikuwa peke yangu, napanga faili kwenye makasha kwa ajili yenu. Perpetua akaingia getini na kikapu kidogo kilichofunikwa majani ya mgomba. Amenenepa. Alitazama benchi kwanza, kisha akaja mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko juu?"

"Nzuri. Siku hizi nalala." Alilisema kama mtu anayetaja mavuno. "Dada Mwajuma yupo?"

"Kaenda msibani. Kuna mtani wake kafa."

"Ee, hapo atarudi jioni." Akanitazama, akaona makasha. "Nasikia unatuacha."

"Ndiyo. Leo."

"Pole na kazi, mama. Umefanya kazi." Akasimama kidogo, kisha akanikabidhi kikapu kwa mikono yote miwili. Mkono uliovunjika ulinyooka vizuri, nilitazama. "Basi nisaidie, unapita kwake ukirudi. Ni stroberi, za kwanza za shamba, nimemchumia alfajiri. Zisije zikaharibika. Mwambie ni za kwake."

"Nitamwambia."

"Naye atakuonjesha, hawezi kula peke yake."

Nilifunga mlango, nikarudisha ufunguo, nikashika njia ya Mwembesongo na kikapu mkononi. Stroberi zilinukia njia nzima. Nilizifikisha kwa Mwajuma kabla jua halijazama, na ujumbe niliutoa kama nilivyoagizwa, neno kwa neno.

Stroberi hazikufika zote.